Rangi za Bwana Safi

Nakutegea, na usikimbilie kujibu. Ninaye mweusi wangu, mdogo kama punje ya ulezi. Ukimnyima maji anakaa kimya, mweusi tu, hana habari na mtu. Ukimnywesha, anazaa. Wa njano, wa waridi, wa buluu, wanapanda ukuta wakifuatana, na mama mtu haonekani tena. Ni nani huyo?

Umeshindwa. Wala usinipe mji, nitafanya nini na mji kwa magoti haya? Nipe sikio tu. Huyo ni tone la wino mweusi juu ya karatasi ya kuchujia, na aliyenifunulia ni mke mwenzangu. Ndivyo ninavyomwita mjukuu wangu, maana marehemu babu yake hakuacha kumwita mchumba tangu siku alipozaliwa, mimi nikiwa nimekaa pale pale na chai yake mkononi.

Siku hiyo mke mwenzangu alirudi shuleni na vipande vya karatasi ndani ya kitabu. Akachukua glasi yangu ya maji bila kuniomba, akachora mstari kwa penseli chini ya karatasi, na juu ya mstari akagusa tone moja la wino mweusi. Akaining'iniza karatasi kwenye glasi, ncha yake ikigusa maji.

"Tone lenyewe lisizame, bibi. Likizama, wino wote unakimbilia majini."

"Na mstari mbona wa penseli? Kalamu si unayo hapo?"

"Penseli haitembei. Mstari wa wino nao ungepanda, ungetuchafulia kazi."

Tukakaa tukatazama. Maji yakapanda polepole kama mgonjwa anayepanda ngazi, yakalifikia tone, yakalibeba. Mweusi wangu akaanza kuchanika. Njano akatangulia mbio. Waridi akafuata. Buluu akavutavuta miguu nyuma.

"Anayeyapenda maji anakwenda mbali," mke mwenzangu akasema. "Anayeipenda karatasi anabaki nyuma."

"Kama wageni," nikamwambia. "Mmoja anaaga anakwenda, mwingine ananing'inia mlangoni mpaka ubandike sufuria nyingine."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akanieleza kwamba kitu kikipanda kimoja na kubaki kimoja, kinaonyesha dalili ya kuwa safi, hakijachanganywa na kingine. Kikigawanyika, ni mchanganyiko. Kazi hiyo inaitwa kromatografia. Nililirudia jina hilo mpaka ulimi ukachoka. Ni jina la kubandikwa kwenye chupa ya dawa ya farasi. Lakini kazi yenyewe niliipenda. Karatasi yake haikuwa nzuri, nisikudanganye. Rangi zilipauka na zilikwenda upande kwa kuwa glasi yangu imekaa upande. Yeye aliishika kama mtu aliyeshika kifaranga. Mtoto huyu anataka kuja kuwa mtu wa kupima dawa, aweze kukuambia kidonge unachomeza kina nini ndani yake. Tangu mdogo ananiuliza, bibi, ndani yake mna nini? Na mimi sijui, nameza tu.

Sasa nikuonyeshe mtu mwingine.

Mwalimu wao wa kemia wanafunzi wanamwita Bwana Safi, na yeye, maskini, anadhani ni sifa. Mwanafunzi akipata, "safi!" Akikosa, "wewe si safi." Lile koti jeupe la maabara analivaa mpaka dukani akienda kununua chumvi, watu wasije wakasahau. Anatembea kama amebeba trei ya glasi kichwani. Ukimsalimia anakujibu akitazama juu ya kichwa chako, kana kwamba yuko mtu wa maana zaidi amesimama nyuma yako.

Nilimwona vizuri kwenye mkutano wa wazazi. Akapanda jukwaani akatuambia, "Wazazi, ukichuja mchanganyiko, kilicho safi kinapita. Kinachobaki juu ya karatasi kinaitwa mashapo. Na kwenye elimu nako mashapo wako." Akatupa jicho kwenye benchi letu la nyuma, sisi wenye khanga na ndala. Mimi niliishia shule ya msingi, na sikuiacha kwa kufukuzwa, niliimaliza kwa kuimaliza. Nilielewa anamsema nani.

Wazazi wa mbele wakacheka. Hao siwahesabu. Lakini nyuma nako mtu mmoja akacheka, tena kwa sauti, akipiga na goti lake. Nikageuka. Mwanangu! Baba yake mke mwenzangu! Shapo zima limekaa linajichekea lenyewe.

Mwanangu ni fundi wa feni, pasi na blenda. Mikono anayo, sikatai. Kilichompungukia ni mgongo wa kusimamia neno lake. Bwana Safi alikuwa amempa kazi ya kutengeneza feni za maabara, na akamwambia zile zikienda vizuri zitafuata za ofisi ya walimu, na za mabweni. Tangu hapo mwanangu akawa anamwita "mkuu wangu". Mkuu wangu kasema hivi. Mkuu wangu hapendi vile. Mtu mzima hovyo! Hata babu yake mtoto, aliyemzaa, hakuwahi kuitwa mkuu.

Basi ikakaribia siku ya maonyesho, wazazi na mkaguzi wa shule waje waone kazi za wanafunzi. Mke mwenzangu akarudi nyumbani amenuna, akatupa mfuko chini.

"Kaikataa karatasi yangu."

"Nani?"

"Nani mwingine? Kaishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya. Kasema, hii nini, karatasi imelia? Mkaguzi hatoki ofisini kwake kuja kutazama ukungu. Kaitupa kapuni."

"Haya, utafanya nyingine."

"Hataki. Anasema zinachelewa na zinapauka. Karatasi ataleta yeye, nzuri, zina rangi kama za kitabuni. Mimi nisimame mezani niseme ni matokeo yangu, kwa kuwa nina sauti." Akaokota mfuko wake. "Na majina ya watakaoendelea na sayansi yatasomwa baada ya maonyesho, bibi. Anayachagua yeye."

Umeona mtego huo? Mtoto aseme uongo mbele ya watu, apate kuendelea na kemia. Asipousema, ndiyo basi, atapelekwa kwingine, na habari ya kupima vidonge ataisikia kwa wenzake.

Baba yake alikuwa sakafuni, blenda imefunguka mapajani kwake. "Sema tu," akasema bila kuinua kichwa. "Ni neno moja."

"Kama ni neno moja, baba, nisemee wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unajua ni watoto wangapi wangependa kusimama pale? Mkuu amekuchagua."

"Na wewe baba ulikuwa kule leo, kwenye feni. Karatasi hizo nani alizipaka? Ni yeye, au kawapa wanafunzi wa sanaa?"

Bisibisi ikasimama kidogo. "Mimi nikiwa kwenye ngazi natazama feni. Chini sitazami."

"Hujaona kitu?"

"Nimekuambia, natazama feni." Akaiinamia blenda kama mtu aliyedondosha pete ndani ya kisima. Swali likabaki limening'inia pale kati yetu, na mtoto akalitazama mpaka akachoka, akaenda kulala bila kuniaga.

Hapo ndipo huyu mwanangu akanifuata jikoni, anajichekesha. Akaninong'oneza, eti nisimwambie mtu. Alimwona mkuu wake kwa macho yake, ameketi mezani na kalamu za rangi, zile za wino wa kuchezea watoto, ulimi umetokea pembeni mwa mdomo, anapaka mistari. Kijani, zambarau, kahawia, machungwa. Halafu akaita, fundi, hebu washa hiyo feni tuone kama inafanya kazi, zikauke hizi.

"Nikaiwasha kasi ya mwisho, mama! Karatasi zikapepea kama bendera. Akasema, safi, fundi." Na macho yakamng'aa.

Yalimng'aa, mimi mwenyewe niliyaona. Mtoto wake anaambiwa adanganye, na yeye anafurahia kusifiwa feni. Nikamtazama juu mpaka chini, nikasonya, nikaendelea kuosha vyombo vyangu. Kuna mtu ukimtukana unampa heshima. Nikamnyima hata hiyo.

Siku ya maonyesho mkwe wangu, mama yake mtoto, alikuwa zamu hospitali, ndiye muuguzi wa familia hii. Nikaenda mimi kwa niaba yake, nimevaa viatu vyangu vya kufunga kamba. Maabara yao ni chumba kirefu chenye harufu ya gesi na sabuni, meza zina masinki katikati, na juu kabatini chupa zimepangwa na majina yake. Nikachagua kiti karibu kabisa na meza ya mke mwenzangu. Mwanangu akasimama nyuma karibu na swichi za feni, kazi aliyopewa. Alikuwa amevaa tai! Fundi wa feni na tai, kwenye joto lile.

Karatasi zilikuwa zimening'inizwa kwenye uzi, kila moja juu ya bika yake ya kioo. Zilipendeza, kusema kweli. Zilipendeza kama meno ya bandia. Mistari imenyooka, rangi kali, kila kitu mahali pake. Mabika yalikuwa matupu. Wageni walipoanza kusogea mlangoni, Bwana Safi akaja na jagi, akamimina maji katika kila bika, akashusha karatasi zote mpaka ncha zikalowa.

"Ionekane kazi inaendelea," akasema.

Mke mwenzangu akafumbua macho makubwa. "Mwalimu, lakini maji yakipanda—"

"Nani kakuuliza? Wewe kazi yako ni kusema matokeo."

"Mwalimu, hizo rangi si nazo ni za wino wa—"

"Nyamaza. Simama wima."

Akanyamaza, akasimama wima. Nami nikaona midomo yake inacheza, kama mtu aliyezuia kupiga chafya. Mimi mwenyewe nilichelewa kidogo kuelewa. Nilipoelewa, nilijifunika mdomo kwa khanga. Huyu mtu anafundisha habari hii kila mwaka! Ndiye aliyewaambia watoto kwamba kijani cha kalamu ni buluu na njano zilizochanganywa, na kwamba zikipata maji juu ya karatasi zitaachana. Aliyasema, akayaandika ubaoni, akawapa mtihani, akawachapia alama nyekundu waliokosa. Lakini hayakuwahi kumwingia. Yalipita kwake kama maji kwenye bomba, na bomba halikati kiu.

Mkuu wa shule akaanza hotuba. Mungu ambariki mkuu yule, hajui kumaliza. Akashukuru bodi, akashukuru wazazi, akashukuru waliopaka rangi uzio, akarudi tena kwenye bodi. Na maji yanapanda. Yakaufikia mstari wa kahawia, ule wa chini, ukaanza kutoa ndevu. Kahawia ikatoa machungwa kwa juu, na kwa chini ikaacha kitu kama kutu. Zambarau ikaachana, waridi huku, buluu kule, kama mume na mke waliochoshana. Mwisho kijani ikazaa njano, na njano hiyo ikamkimbilia jirani yake wa juu ikamvamia. Mistari ile iliyonyooka ikawa pindo za khanga iliyofuliwa vibaya.

Bwana Safi alikuwa amegeuzia meza mgongo, anamtabasamia mkaguzi.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa mama mfupi, mkimya, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Hotuba ilipokata roho, akaletwa moja kwa moja kwenye meza yetu.

"Huyu ni mwanafunzi wangu bora," Bwana Safi akasema. "Sema, binti."

Mke mwenzangu akasema, na sauti kweli anayo. "Hii ni kromatografia ya karatasi. Inatenganisha mchanganyiko wa rangi. Tunaweka tone juu ya mstari wa penseli. Maji yanapanda na kubeba rangi, kila moja kwa mwendo wake." Akanyamaza.

"Na haya ni matokeo ya…?" Bwana Safi akamsaidia, kama anavyofundishwa mtoto wa chekechea. "Ya…? Ya nani?"

Mtoto akamtazama mwalimu, akamtazama mkaguzi.

"Si yangu, mwalimu. Yangu uliitupa kapuni."

Bwana Safi akacheka kicheko kirefu, chote cha meno. "Ana aibu! Watoto hawa!"

Mkaguzi hakucheka. Alikuwa amevaa miwani yake na ameinama. "Mwalimu, hiyo mistari mbona bado inatembea?"

Ndipo akageuka. Ungemwona! Uso ulimshuka kama pazia lililokatika kamba.

"Tone la kuanzia liko wapi?" mkaguzi akauliza. "Na mstari wa penseli? Hapa naona rangi zimeanzia katikati ya karatasi. Zilifikaje huko bila kupita chini?"

"Zilipanda zote, mama. Wino mzuri—"

"Na sasa zinapanda tena?"

Wazazi wa mbele, wale wa kucheka, wakaanza kuvuta shingo. Bwana Safi akatazama karatasi, akatazama jagi, na mwisho akamtazama mke mwenzangu. Nikaiona ile hila ikizaliwa usoni mwake, kitu kidogo kichafu chenye miguu mingi.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe umezipaka wewe! Umenipaka matope mimi mwalimu wako! Mama mkaguzi, naomba radhi. Huyu binti nilimwamini, kumbe kachora rangi kwa kalamu akaniletea kama matokeo. Ndiyo shida ya kuokota watoto wa kila aina ya nyumba." Akapandisha mabega. "Mdanganyifu hana nafasi kwenye maabara yangu. Jina lake nalifuta sasa hivi, mbele yenu."

Mke mwenzangu hakulia. Ila mikono yake ilitafuta pindo la sketi ikalikamata.

"Binti," mkaguzi akamwuliza kwa upole, "ni wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi nani alizipaka rangi hizi?"

Mkuu wa shule akakohoa. Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Mimi nilishajua jibu, lakini langu lilikuwa la kuambiwa jikoni. Aliyeona kwa macho yupo, ana mdomo, na ana tai. Nikageuka nikamtazama. Alikuwa ameinua kichwa anatazama feni. Feni! Inazunguka vizuri, haina tatizo lolote, na yeye anaitazama kana kwamba itamjibia. Nimefua, nimepika, nimeuguza, na sijawahi kumwonea mtu kinyaa kama nilivyomwonea yule niliyemnyonyesha mwenyewe. Nikasema moyoni, usipomtetea mtoto wako, utamtetea nani?

Mke mwenzangu yeye hakugeuka kumtazama. Hilo ndilo lililoniuma. Alitazama mbele tu, kama mtoto asiye na mtu chumbani humo.

Bwana Safi akapata nguvu. Akanyoosha mkono kuelekea nyuma bila hata kugeuza uso, kama mtu anayeagiza chai. "Mama mkaguzi, baba mzazi wa binti yupo hapa hapa. Fundi wangu. Mtu mwaminifu, siku zote hizi amekuwa humu ndani na feni zangu. Muulizeni yeye. Fundi! Waambie. Uliniona mimi nikipaka kitu?"

Hakungoja jibu. Alishaanza kukung'uta koti lake na kuwatabasamia wageni, maana jibu la mtu kama yule alikuwa nalo tayari mfukoni, pamoja na kalamu zake. Kwake yeye mwanangu alikuwa swichi ukutani. Unabonyeza, inawaka.

Feni ikavuma. Mwanangu akashusha macho kutoka darini. Akamtazama mkuu wake, mgongo wa koti jeupe. Akamtazama binti yake, mgongo wa sare, na ile mikono iliyokamata sketi. Akailegeza tai kwa kidole, akaivua kabisa, akaishika tu hajui aiweke wapi. Kisha akatoka pale kwenye swichi akaja mpaka mezani, watu wakimpisha, akasimama upande wa mtoto. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba, si ya kishujaa hata kidogo, ilitetemeka kama feni mbovu, lakini chumba kizima kiliisikia.

"Nilikuona, mwalimu. Ulizipaka wewe, kwenye meza hiyo hiyo, na mimi nikakuwashia feni zikauke."